Filamu ya mbwa wetu inaomba uwanja: barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza

Kwa:
Mkuu wa Mkoa wa Mwanza
Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza
Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela

Nakala: Bodi ya Filamu Tanzania, maafisa mifugo wa kata zote za kando ya ziwa

YAH: KUOMBA UWANJA, CHANJO NA JIONI CHACHE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni vijana wachache wa Igogo na Kirumba ambao riziki yetu ni kamera: harusi, kipaimara, sendofu, mahafali, na misiba pale familia inapotaka. Kwa pesa za kazi hizo tumetengeneza filamu ya dakika 40 kuhusu mbwa na paka waliozidi Mwanza: wanazaliwa wapi, wanatupwa na nani, wanakufaje, na sisi tunaokaa nao wanatuletea nini. Kazi ya kamera imekwisha. Tulichokosa ni watazamaji, na watazamaji tunaowataka hawapatikani bila ninyi. Hatuombi pesa. Najua barua nyingi zinazofika mezani kwenu huanza na sentensi hiyo kisha ukurasa wa tatu unakutana na bajeti. Hii haina ukurasa wa bajeti.

Mada yenyewe mnaijua kwa macho. Nendeni soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba jua halijachomoza, mtakuta mbwa wamewatangulia wachuuzi. Hawabweki. Wanakaa nyuma ya magunia ya dagaa wakisubiri kitakachomwagika. Akipita mlinzi mwenye fimbo wanasogea hatua mbili, akipita asiye na fimbo hawasogei. Paka nao wana mkataba wao na wauza dagaa, kwa sababu ya panya. Wanapewa vichwa vya samaki, wanazaana humo humo kati ya magunia, na hakuna anayewahesabu mpaka usiku wanapogombana juu ya bati na mtu akashindwa kulala.

Vilimani ni habari nyingine. Igogo, Mabatini na Bugarika tumejenga katikati ya mawe, na chini ya mawe hayo ndiko majike wanakozalia. Kwenye filamu kuna jike mmoja wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika, aliyezaa ndani ya ufa wa jiwe nyuma ya choo cha wapangaji. Kuna mtu alimtandikia gunia la mkaa. Kuna mwingine alikuwa akimwachia ukoko wa ugali kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi. Watoto walipoanza kutembea, watu wakaanza kuja kuchagua. Madume waliondoka kwanza, wote. Majike walibaki, maana kila mtu anataka mlinzi na hakuna anayetaka mzazi. Asubuhi moja tuliwakuta kwenye boksi la sabuni kando ya njia ya bodaboda, na aliyeliweka hapo boksi hilo alishaondoka. Watakaopona katika lile boksi ndio watakaozaa mwakani.

Kwa hiyo mbwa anayezurura hakushuka kutoka mbinguni. Ana kwao, au alikuwa na kwao. Utafiti uliofanyika Tanzania na nchi nyingine za Afrika umeonyesha hivyo mara nyingi: walio wengi kati ya mbwa wanaotembea huru wana nyumba wanayolala na mtu anayewaita kwa jina. Mchana tunawaachia wakajitafutie, usiku tunataka watulindie mashine ya boti na nyavu. Ukishalielewa hilo, unajua filamu hii inapaswa kuonwa na nani.

Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka hubeba kwa muda unaokaribiana na huo, ila yeye hurudia upesi zaidi. Kuna hesabu inayopendwa kwenye mabango ya mashirika ya nje, kwamba jike mmoja na uzao wake wanafikia mbwa 67,000 kwa miaka sita. Tuliikataa isiingie kwenye filamu. Ni hesabu ya watoto wote kuishi, na huku kwetu wengi hawamalizi mwaka: minyoo, njaa, magonjwa, tairi za daladala. Shida yetu imo humo humo kwenye vifo. Mbwa wanaokufa haraka hurithiwa haraka, kila anayeingia hana chanjo, na kazi iliyofanywa mwaka jana inayeyuka pamoja na mbwa waliochanjwa mwaka jana.

Kichaa cha mbwa sina haja ya kuwaeleza. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani kote, na asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ambayo wataalamu wamekuwa wakiyataja ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Ili ugonjwa ukatike, inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, na dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Mwaka 2030 si mbali.

Njia iliyozoeleka nchini kwa miaka mingi ni bunduki au sumu. Inapendwa kwa sababu kesho yake mtaa unaonekana umesafishwa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliua mbwa kwa maelfu baada ya kichaa kuingia mwaka 1997, na kichaa kikabaki. Haihitaji profesa kueleza. Aliyeuliwa mbwa anatafuta mwingine juma lijalo, mdogo, hajachanjwa, pengine kutoka wilaya nyingine. Na aliyezoea kumficha mbwa wake siku ya bunduki atamficha pia siku ya sindano, kwa sababu wanaokuja ni watu wale wale na gari ni lile lile.

Jirani zetu wa Serengeti walijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takribani theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, na waliotajwa kuwa chanzo ni mbwa wa vijiji vinavyoizunguka. Tangu hapo mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa, mwaka baada ya mwaka, pamoja na chanjo ya kichaa. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, akitokea mtu kikaoni akasema mbwa si suala la uchumi, tunaomba umwonyeshe hilo kabla ya chai.

Sasa nirudi kwa watazamaji, maana ndiyo barua yenyewe.

Tulianza kama wanavyoanza wote. Tuliazima ukumbi mjini wenye kiyoyozi, tukachapisha kadi za mwaliko. Walikuja watu wazuri: wageni wanaoishi Capri Point, walimu wa chuo, wapiga picha wenzetu. Walipiga makofi, mama mmoja alitokwa na machozi, tukapigwa picha. Karibu kila mwenye mbwa pale ndani mbwa wake amechanjwa na analala ndani ya geti. Filamu ilikuwa imewafikia wasioihitaji.

Kituo kimoja cha televisheni kilituambia tununue muda wa hewani, kwa bei wanayolipa wauza dawa za nguvu za kiume. Mfadhili mmoja alikuwa tayari kutushika mkono kama tungeongeza mbwa wanaolia na muziki wa kinanda. Huruma ya namna hiyo ina soko lake huko Ulaya. Ukimwekea mtu wa Igogo mbwa mwenye vidonda kwa dakika tatu mfululizo anakuambia hata yeye hajala, anaondoka, na mimi simlaumu. Tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar tunalitamani kama kila mtu wa kamera anavyolitamani, ila jike wa nyuma ya choo hatapata nafuu yoyote kwa filamu kuonyeshwa Ngome Kongwe. Mtandaoni tutaiweka siku moja, lakini dakika 40 za video zinamaliza bando la mtu wa mwaloni, na bando lake ana matumizi nalo.

Kuna ofisi moja, ambayo siitaji, tulikopeleka ombi la kuonyesha uwanjani. Dirisha la kwanza walisema hili ni la mifugo. La pili wakasema filamu ni utamaduni. La tatu wakasema mbwa si utamaduni. Tulicheka, kwa sababu kucheka hakuna ada.

Nadhani najua kwa nini milango hufunguliwa nusu. Mji huu uliwahi kuumwa na filamu ya ukweli. Ile ya mwaka 2004 kuhusu sangara, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa, ilizunguka Ulaya na Marekani, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Watu wengi wa Mwanza waliibishania bila kuiona hata dakika moja. Nina maoni yangu kuhusu filamu ile na hapa si mahali pake. Ninachosema ni kwamba ilikuwa habari yetu iliyotafutiwa macho ya wengine. Hii yetu inatafuta macho ya wenye mbwa. Kama tumedanganya, wao ndio watakaotusuta, tena kwa kutukodolea macho hapo hapo uwanjani.

Watazamaji wa kweli tuliwapata kwenye banda la video. Mnayajua: bati juu, gunia mlangoni, mabenchi ya mbao, joto. Mwenye banda alikubali tuiweke kabla ya mechi ya Yanga, kwa sharti kwamba watu wakizomea anaitoa. Mwanzoni walicheka, mbwa kwenye skrini kubwa ni kichekesho. Kisha akatokea mbwa mweusi mwenye sikio lililokatika, anapekua utumbo wa samaki peke yake. Sauti ikatoka benchi la nyuma: "Huyo si Komando wa kwa fundi baiskeli?" Banda likalipuka. Fundi baiskeli alikuwemo. Wakaanza kumhoji papo hapo, filamu inaendelea: kachanjwa? Ana watoto wangapi mtaani? Aliyemng'ata kijana wa muuza maji ni yeye? Fundi akasimama akajibu kwa swali: wanachanja wapi, lini, shilingi ngapi? Kimya. Watu wote, pamoja na mwenye banda, wakanigeukia mimi. Mimi ni mpiga picha za harusi.

Waheshimiwa, pale palitakiwa mtu wenu. Afisa mifugo wa kata, na jibu moja tu: kesho saa mbili asubuhi, hapa hapa, bure. Watazamaji walikuwa tayari kuinuka. Hawakuwa na pa kwenda.

Ombi letu ni kwamba filamu hii isionyeshwe mahali popote ambapo kesho yake asubuhi hakuna meza ya chanjo. Jioni picha, asubuhi sindano, uwanja ule ule. Watakaoleta mbwa ni watoto, ndivyo ilivyo siku zote, na mtawaona wenyewe: huyu kamfunga mbwa kwa kamba ya katani, huyu kwa mkanda wa sare ya shule, huyu kwa kanga ya mama iliyosokotwa, na mdogo wao amembeba mtoto wa mbwa kifuani kama kitabu cha nyimbo. Katika filamu tumelisema wazi hilo la watoto wa mbwa, kwamba nao wanachanjwa, kwani wengi huachwa nyumbani kwa kudhaniwa hawajafika umri. Na tumerudia mara mbili habari ya kidonda: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali. Mara mbili kwa makusudi, maana bado kuna wanaopaka pilipili.

Uwanja tunaweza kuutaja. Furahisha kwa upande wa Ilemela panajulikana. Mialo ya Igombe na Kayenze ina watu jioni nzima siku ambazo mwezi mkubwa umewazuia wavuvi wa dagaa kuingia ziwani; hizo ndizo jioni zetu, na kalenda yake mnayo. Nane Nane ikifanyika Nyamhongolo, tupeni kona karibu na mabanda ya mifugo. Stendi za Nyegezi na Nyamhongolo kuna abiria wanaosubiri bila la kufanya, na tunalo toleo fupi. Meli ya Nansio, Ukerewe, inachukua saa tatu na zaidi, na televisheni ya ndani huwa inarudia nyimbo zile zile. Na mwezi Juni, Wasukuma wanapokusanyika Bujora kwa sherehe ya Bulabo, pale ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kuvutia watu kwa ngoma, hakuna haja ya mtu kutangaza kwa gari. Najua Bujora ni Magu, si Jiji wala Ilemela. Mbwa hawana mtaa wala wilaya, na mpaka wa Nyamagana, yaani Jiji, na Ilemela wanauvuka mara kadhaa kwa siku, hivyo kibali kimoja cha mkoa kingetuokolea madirisha mengi.

Mabanda ya video nayo msiyaone kama kero ya makelele na watoto watoro tu. Zamani serikali ilikuwa na magari ya sinema. Wazee wa Misungwi bado wanakumbuka shuka jeupe na vumbi. Magari hayo hayaji tena, ila banda liko karibu kila mtaa, lina umeme, lina benchi, na lina wanaume wa umri ule ule wanaofuga mbwa na kuwaachia. Mkimwambia mwenye banda kwamba akionyesha dakika 40 za elimu kwa mwezi leseni yake haitasumbuliwa, atafanya. Sauti tumeshampa DJ mmoja anayetafsiri filamu za Kichina, kwa hiyo hawatasinzia. Toleo la Kisukuma lipo.

Kwa Bodi ya Filamu: Sheria Na. 4 ya 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Hatuipingi. Tunaomba tu ada itazamwe upya kwa filamu ya afya isiyo na kiingilio, na daraja liwaruhusu watoto wa shule ya msingi, kwa kuwa ndio wanaong'atwa. Hakuna mgonjwa wa kichaa kwenye filamu, wala mbwa anayekufa kwa sumu. Tulikuwa na picha hizo na tukaziacha.

Chanjo, hata hivyo, haipunguzi idadi. Kinachopunguza ni kuhasi, na hapa ndipo watazamaji walipobishana nasi kweli kweli. Dume akihasiwa, wanasema, atakuwa mzembe, hatabweka. Tuliwaonyesha mlinzi wa ghala na mbwa wake aliyehasiwa. Yule mbwa nusura amrarue mpiga picha wetu suruali, na hiyo ndiyo hoja iliyosikilizwa kuliko zote. Kwa majike ni operesheni kubwa zaidi, inahitaji daktari, dawa ya usingizi na mahali pasafi, siwezi kujifanya ni jambo la jioni moja. Anzeni na kata moja. SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, inafundisha madaktari wa mifugo, na wanafunzi wanahitaji mazoezi chini ya walimu wao. Anzeni na majike, wale wa kwenye boksi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Haitazuia mtu kuwatupa kama hana pa kuwapeleka.

Mtaambiwa kwamba Waislamu hawatakuja, mbwa ni najisi. Banda lile la Kirumba nusu ya mabenchi walikuwa Waislamu. Mate ya mbwa ni suala la twahara, na habari ya mtu aliyeshuka kisimani kumnywesha mbwa mwenye kiu anaijua kila mtoto wa madrasa. Mtaambiwa pia kwamba watu hawana maji nanyi mnahangaika na mbwa. Anayesema hivyo hajawahi kuhangaikia sindano za mtoto aliyeng'atwa, siku ya leo, na ile inayofuata, na ile inayofuata, kila mara na nauli yake.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba. Tunapendekeza tuanzie Mwaloni jioni ya tarehe 27, giza likishaingia, meza ya chanjo ifunguliwe asubuhi ya 28 kabla wachuuzi hawajatawanyika. Projekta tunayo. Shuka tunalo. Jenereta tumeahidiwa na mwenye banda, mafuta tutachanga. Mwenyekiti wa mtaa hana pingamizi, anasubiri barua kutoka juu. Tunaomba mtutajie afisa mifugo atakayekaa kwenye meza hiyo, idadi ya dozi atakazokuja nazo, na saa atakayofika, ili tuvitangaze mwishoni mwa filamu kwa sauti ya DJ.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga picha wa Igogo, kwa niaba ya wenzake
Mwanza